MAJINA YALIYOACHWA NJE YA DAFTARI

(Hotuba ya Katibu wa Tawi mbele ya mkutano wa wanachama, Kulesa. Tunaichapa hapa kwa faida ya wale ambao hawakuweza kuhudhuria.)



Kwanza nawashukuru kwa kuja. Najua wengine mmevuka mto, na wengine mmeacha mpunga shambani bila mtu wa kuamia ndege. Kwa hiyo sitawapotezea wakati.

Niliombwa niseme habari za wanawake mashuhuri wa nchi yetu ya pwani, na vyama vyao. Nilipotangaza jambo hili wiki iliyopita, ndugu mmoja alicheka akaniuliza, "Katibu, habari hizo zina uhusiano gani na mshahara?" Swali lake ni la haki. Nitalijibu kabla sijaketi, na jibu lenyewe limo ndani ya kitu hiki nilichokishika mkononi.

Hili ni daftari la tawi letu. Tazameni ukurasa huu. Upande wa wanaume yameandikwa majina kamili: jina la mtu, la baba yake na la babu yake, nambari ya kadi na kazi anayoifanya. Upande wa wanawake, ambao ni wachache, mstari mmoja wasema "mke wa" fulani. Mwingine wasema "mama" fulani. Mwingine wasema "mjane" tu, basi. Mwandiko huu ni wangu. Nimekuwa nikiandika hivi kwa miaka mingi, wala sikuona kosa. Ndugu zangu, leo nimekuja kukiri kosa hilo mbele yenu, na kuwaomba mnisaidie kulisahihisha.

Watu hunena kwamba mwanamke kusimama barazani na kuwa na chama chake ni jambo jipya, ati limetoka Ulaya au limeletwa na watu wa Nairobi. Mimi nasema sivyo. Ni jambo la zamani hapa hapa kwetu. Lililo jipya ni sisi kulisahau. Nitaanza na hadithi ambayo kila mmoja wenu aliisikia utotoni.

Twendeni chini kwa mto mpaka Kipini, mahali Tana inapoingia baharini. Huko huonyeshwa kaburi la Fumo Liongo, shujaa na mtunga mashairi wa zamani. Kila mtu amjua Liongo kwa nguvu zake na upinde wake. Lakini hebu tuulize: Liongo alipotiwa gerezani na mtawala aliyemwogopa, akafungwa minyororo na kuwekewa walinzi, ni nani aliyemtoa? Nguvu zake hazikumtoa. Inasimuliwa kwamba mama yake alimpelekea chakula kila siku kwa mkono wa mjakazi aitwaye Saada. Kikiwa chakula kizuri, walinzi walikila wao, wakamwachia mfungwa makombo. Ndipo Liongo akampa Saada maneno ya fumbo ampelekee mama. Mama akafahamu. Akaoka mkate wa wishwa, mkate mbaya ambao mlinzi hawezi kuutamani, akatia tupa ndani yake. Walinzi walipouona wakaudharau, wakamwachia Liongo. Usiku ngoma ilipigwa, na kelele za ngoma zikafunika sauti ya tupa ikikata chuma. Hivyo ndivyo alivyotoka.

Sasa fikirini, ndugu wafanya kazi. Saada hakuwa malkia. Alikuwa mtumishi asiye na ujira. Kama walinzi wangaligundua ile tupa, wa kwanza kuuawa angalikuwa yeye. Alipita mbele ya watu wenye silaha, mkate mkononi, uso umetulia. Akarudi, akapita tena. Hadithi yamsifu Liongo kwa maneno mengi, na Saada kwa machache mno. Lakini bila yeye hakuna Liongo. Katika kila mgomo na kila chama yuko mtu kama huyo, achukuaye ujumbe na chakula, na mara nyingi mtu huyo ni mwanamke. Hadithi angalau ilimwandika Saada kwa jina lake. Daftari letu halikufanya hata hivyo.

Kutoka Kipini, ukifuata pwani kuelekea kaskazini, wafika visiwa vya Lamu. Katika kisiwa cha Pate, aliishi Mwana Kupona binti Msham. Mumewe, Mohammed bin Is-haq, aliyejulikana kama Bwana Mataka, alikuwa mtawala wa Siyu, naye alipigana na Sultani Seyyid Said wa Zanzibar kwa miaka mingi bila kutiishwa. Baada ya kufa mumewe, Mwana Kupona, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake Mwana Hashima utenzi wa mawaidha. Ilikuwa mwaka 1858. Utenzi huo ungali ukisomwa mpaka leo, shuleni na katika vyuo vikuu, ndani ya Kenya na ng'ambo.

Wako kina dada wa siku hizi wasiopendezwa na mawaidha yale, kwa kuwa yanamfundisha mke kumtii mumewe mno. Wana haki ya kusema hivyo, na ni vizuri wasome wenyewe wakahukumu. Mimi nataka mwone jambo jingine. Wakati ule watu wengi, wake kwa waume, hawakujua kusoma wala kuandika. Mwanamke huyu aliyajua yote mawili. Alikuwa na neno la kumwachia mtoto wake, akaona halifai kuachwa hewani. Akalitia katika wino, na jina lake likakaa pamoja nalo. Wafalme wangapi wa Pate wamesahauliwa, na Mwana Kupona yungali akitajwa! Kilichoandikwa hudumu. Lisiloandikwa huchukuliwa na mto, kama ukuta wa udongo wakati wa mafuriko.

Sasa nafika kwa mwanamke ambaye habari zake zatuhusu sisi wafanya kazi moja kwa moja. Naye ni Mekatilili wa Menza, Mgiriama. Jina lake la utotoni lilikuwa Mnyazi. Aliitwa Mekatilili, yaani mama wa Katilili, baada ya kuzaa.

Mwaka 1912 na 1913 Serikali ya Kiingereza ilitaka vitu viwili kwa Wagiriama: kodi na watu. Watu wa nini? Wa kwenda kufanya kazi katika mashamba makubwa ya wageni huko pwani. Wagiriama walikuwa wakulima hodari waliojilimia wenyewe na kuuza nafaka yao, hata pande za Sabaki. Hawakuwa na haja ya kuwa vibarua wa mtu. Kwa hiyo Serikali ilimtuma ofisa wake, Arthur Champion, apange machifu, akusanye kodi na kutafuta vijana wa kazi.

Mekatilili hakuwa chifu. Hakupewa cheo na mtu. Alikuwa mjane na mtu mzima. Lakini alijua jambo moja ambalo kila mjumbe wa wafanya kazi sharti alijue: huwezi kuanza kwa kudai, lazima uanze kwa kukusanya. Alipita kijiji kwa kijiji akicheza kifudu, ngoma ya wanawake ya matanga, na watu wakamfuata. Ngoma ilipokwisha, akawahutubia. Aliwaambia wasitoe wana wao kwa kazi ya wageni, na wakumbuke kaya yao. Pamoja na mzee Wanje wa Mwadorikola aliitisha mkutano katika kaya, na huko viapo viwili vilitolewa. Wanaume walikula kiapo chao kiitwacho fisi, na wanawake walikula chao kiitwacho mukushekushe. Tazameni neno hilo. Wanawake walikuwa na kiapo chao wenyewe. Hawakuapa kwa ulimi wa waume zao.

Inasimuliwa pia kwamba siku moja alikwenda barazani kwa Bwana Champion na kuku mwenye vifaranga. Akamwambia ajaribu kuchukua kifaranga kimoja. Kuku akamdonoa. Mekatilili akamwambia: ukija kuchukua wana wetu, ndivyo tutakavyokufanya.

Kiapo kilifanya kazi yake. Vijana hawakwenda mashambani. Kodi haikulipwa. Machifu waliachwa peke yao, hakuna wa kuwatii. Sisi leo twaita jambo hilo mgomo. Serikali ilimkamata Mekatilili pamoja na Wanje mwezi wa Oktoba mwaka 1913, wakahukumiwa kuhamishwa miaka mitano, wakapelekwa Kisii, mwisho kabisa wa magharibi ya nchi. Mwezi wa Januari 1914 wote wawili walitoroka. Walirudi Giriama kwa miguu. Hata ungekuwa ndege ukaruka moja kwa moja, safari hiyo ni zaidi ya kilomita 600. Kwa mtu wa miguu, anayejificha, apitaye nchi asiyojua lugha zake, mtajikadiria wenyewe.

Sitawadanganya kwamba mambo yaliisha kwa shangwe. Mwezi wa Agosti 1914 Serikali iliilipua kaya kwa baruti, wakati vita kuu ya kwanza ilipokuwa ikianza na Serikali ikitaka wapagazi zaidi. Askari waliletwa. Nyumba zilichomwa, mbuzi wakachukuliwa, watu wakauawa. Wagiriama wakatozwa faini ya rupia 100,000 na kutakiwa kutoa watu 1,000 wa kazi. Mekatilili alikamatwa mara ya pili, akahamishwa tena.

Lakini sikilizeni mwisho wake. Mwaka 1919 Mekatilili na Wanje waliruhusiwa kurudi, wakakaa katika kaya. Wanje akawa mkuu wa baraza la wazee wa kiume. Mekatilili naye akawa mkuu wa baraza la wanawake. Basi mtu akiniambia kwamba baraza la wanawake ni mila ya kigeni, nitamjibu: nenda kaulize katika kaya. Lilikuwako, lilikuwa na kiapo chake na mkuu wake. Serikali yenye mizinga ililiogopa, hata ikampeleka mkuu wake Kisii.

Halikuwa jambo la Giriama peke yao. Huko Nairobi, mwezi wa Machi mwaka 1922, Harry Thuku alitiwa mbaroni. Alikuwa akipinga kipande, kupunguzwa mishahara, na desturi ya kuwalazimisha wanawake na wasichana kufanya kazi katika mashamba ya walowezi. Watu wengi walikusanyika nje ya kituo cha polisi. Wazee wa kiume walipotaka kuutawanya umati baada ya kuzungumza na wakubwa wa Serikali, mwanamke mmoja, Mary Muthoni Nyanjiru, alisimama akawaaibisha wanaume mbele ya watu, akawahimiza wasonge mbele. Askari wakapiga risasi. Nyanjiru alikuwa miongoni mwa waliokufa siku ile. Serikali yenyewe ilihesabu maiti 21, na waliokuwapo walisema walikuwa wengi zaidi. Historia ya wafanya kazi wa Kenya haiwezi kuandikwa bila tarehe 16 Machi 1922, na tarehe hiyo haiwezi kuandikwa bila jina la mwanamke.

Sasa niseme kidogo juu ya vyama, maana mtu mmoja hata awe hodari namna gani hatoshi. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Huko Mombasa na Lamu, wanawake walikuwa na vyama vya ngoma ya lelemama. Mtu wa nje alidhani ni mchezo tu. Lakini kila chama kilikuwa na viongozi wenye vyeo, kilikuwa na michango, na wanachama walisaidiana katika arusi na matanga. Mwenye kuzoea kuongoza watu mia katika ngoma amejifunza kuongoza watu mia katika jambo jingine lolote. Na ndivyo ilivyokuwa. Katika miaka ya 1950, wanawake Waislamu wa Mombasa waliunda vyama vya elimu na maendeleo. Na wale waliokuwa wakinyimwa kura walitia sahihi ombi la kutaka haki ya kupiga kura kama wenzao wa jamii nyingine.

Katika miaka hiyo hiyo, mwaka 1952, kilianzishwa chama cha Maendeleo ya Wanawake. Hakikuanzishwa na wanawake wa vijijini, ila na idara ya Serikali ya kikoloni. Mwanzo viongozi wake walikuwa Wazungu, na mafunzo yalikuwa ya kushona, kupika na usafi wa nyumba. Mwaka 1958 Phoebe Asiyo akawa mwenyekiti wake wa kwanza Mwafrika. Hapo tunajifunza jambo: hata chama kilichoanzishwa na mwingine chaweza kuwa chako, ukiingia ndani na kushika kalamu. Na tunajifunza la pili pia. Mwaka 1987 chama hicho kilifungwa pamoja na chama cha siasa kilichotawala, na hapo kikapoteza uhuru wake wa kusema. Chama kisichojilipia ada zake hakina sauti yake. Hilo ni funzo kwetu sote, wake na waume.

Sasa turudi nyumbani, hapa hapa Tana.

Mwaka 1963 Kenya ilipokaribia uhuru, ilitakiwa kuwa na wimbo wa taifa. Iliundwa kamati ya watu watano: Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Hawakuagiza muziki kutoka Ulaya. Walichagua sauti ya wimbo wa Wapokomo, uliotolewa kwao na Mzee Meza Galana. Na wimbo huo ulikuwa wimbo gani? Haukuwa wimbo wa vita, wala wa wafalme. Ulikuwa wimbo wa mama wa kumbembeleza mtoto asilie. Bendera ikipandishwa, iwe Nairobi au katika viwanja vya mashindano huko ng'ambo, rais na majenerali husimama wima kwa sauti ambayo mama wa Kipokomo alimtulizia mwanawe ukingoni mwa mto huu.

Majina ya wanaume waliokusanya na kupanga muziki ule twayajua, na ni vizuri kuyajua, maana walifanya kazi njema. Jina la mama aliyeuimba kwanza hatulijui, wala hatutalijua. Nimeliwaza jambo hili usiku mwingi. Hakuna aliyemdhulumu kwa makusudi. Ni kwamba hapakuwa na daftari.

Mimi nina mama mmoja kama huyo, na huyo namjua jina. Marehemu mama yangu alifanya kazi ya kibarua katika shamba la mpunga la mtu mmoja, ambaye sitamtaja. Alipandikiza miche, akapalilia, akapanda juu ya dungu kuamia ndege tangu alfajiri mpaka jua kutua, akavuna, akapura, akapepeta. Siku ya malipo karani aliita jina la baba yangu. Baba akapokea ujira wa wawili, kwa kuwa daftari la karani lilikuwa na jina moja tu. Baba alikuwa mtu mwema, alileta fedha nyumbani. Basi hatukuona vibaya. Kisha baba akafa kabla ya mavuno. Mama akaenda kudai ujira wa miezi yake. Karani akafungua daftari akamwambia, "Mama, wewe humu hauumo." Misimu yote ile, mgongo wake wote ule, na humu hauumo! Alirudi nyumbani na kanga yake mtupu. Sikuwahi kumsikia akilalamika. Alisema tu, "Laiti wangaliniuliza jina."

Na mimi, mwana wake, nilipopewa daftari la chama, nikaandika "mke wa."

Ndugu yangu aliyeuliza habari hizi zina uhusiano gani na mshahara, sasa nadhani umepata jibu. Lakini nitaongeza la sheria, maana sheria iko upande wetu kama tukiitumia.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yasema ujira sharti alipwe mfanya kazi mwenyewe. Mtu mwingine hawezi kuupokea, ila awe ameidhinishwa na mfanya kazi kwa maandishi. Mume si idhini. Sheria hiyo hiyo yasema kazi yenye thamani sawa ilipwe ujira sawa, bila kubagua mwanamume na mwanamke. Yasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa muda usiopungua mwezi mmoja asihesabiwe tena kuwa wa kutwa, bali alipwe kwa mwezi na kupata haki za mwajiriwa. Yasema mwanamke aliyeajiriwa akijifungua apate likizo ya miezi mitatu kwa mshahara kamili. Na Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 41, yampa kila mfanya kazi haki ya kuunda chama, kujiunga nacho, na kugoma. Haikusema kila mwanamume. Imesema kila mfanya kazi.

Lakini haki hizi zote zina mlango mmoja, nao ni ushahidi. Ukifika mbele ya ofisa wa kazi au mahakamani, utaulizwa: wewe nani, uliajiriwa lini, ulilipwa kiasi gani, nani alikuona? Mwenye jina katika daftari la chama, mwenye kadi na nambari, ana pa kuanzia. Asiye na jina ana machozi tu.

Najua manung'uniko yatakayokuja. Wengine watasema, "Nyumba moja ikiwa na kadi mbili, ada italipwa mara mbili. Fedha zitoke wapi?" Nami nawauliza: nyumba ile ikiwa na watu wawili wanaofanya kazi na ujira wa mmoja tu ndio unaotambuliwa, hasara ni kiasi gani kwa mwaka? Ada ni ndogo kuliko hasara hiyo. Haba na haba hujaza kibaba.

Wengine watasema, "Wanawake hawahudhurii mikutano." Ni kweli. Lakini tumeweka mikutano saa ngapi? Jioni, wakati ambapo mama yuko mtoni kuteka maji huku akitazama kama mamba yupo, kisha arudi kuwasha moto. Tumeweka saa ambayo hawezi kuja, halafu twasema hakuja.

Wengine watasema itavunja nyumba. Mzee mmoja aliniambia hivyo juzi, na kwa heshima zote nilimjibu: Wagiriama walikuwa na kiapo cha wanaume na kiapo cha wanawake, na nyumba zao zilisimama. Zilizovunjwa zilivunjwa na askari.

Wengine watauliza ni wanawake wa kabila gani tutakaowaandika. Kwenye soko la Garsen mama wa Kiorma anauza maziwa, na mama wa Kipokomo anauza maembe na mchele, na hujaziana vibaba bila kuulizana kabila. Daftari hili lina nafasi ya jina, ya kazi na ya nambari ya kadi. Nafasi ya kabila haimo, wala mimi sitaichora.

Basi, Bwana Mwenyekiti, kwa idhini yako, naweka mbele ya mkutano mambo manne, yajadiliwe na kupigiwa kura katika mkutano mkuu ujao.

La kwanza: kila mwanamke mfanya kazi aandikwe kwa jina lake kamili, jina la baba yake, na nambari yake mwenyewe ya kadi. Maneno "mke wa" na "mama" fulani yafutwe katika daftari hili.

La pili: chama kimtake kila mwajiri wa eneo letu kulipa ujira mkononi mwa aliyeufanyia kazi, na kuandika jina lake katika daftari la mishahara.

La tatu: katika wajumbe wa wafanya kazi wa kila shamba, wasikose wanawake, nao wachaguliwe na wanawake wenzao.

La nne: mikutano ya tawi ifanywe alasiri, si jioni, na iishe kabla ya wakati wa kuteka maji.

Kura ni yenu, si yangu. Mkikataa, nitaendelea kuandika kama mlivyoamua, maana mimi ni mtumishi wa chama. Lakini kuna mstari mmoja ambao sikungoja kura kuusahihisha. Katika ukurasa wa kwanza wa daftari, pale juu ambapo hapana nambari, nimeandika jina la mama yangu. Hatalipa ada, wala hatadai kitu. Nimemwandika tu, ili siku nyingine mtu akiuliza, asijibiwe tena kwamba humu haumo.

Wale akina mama waliopo leo, nawaomba msiondoke mara tukimaliza. Meza yangu iko pale chini ya mwembe. Njoni mmoja mmoja mnitajie majina yenu. Nitaandika polepole, na kila mmoja atalitazama jina lake kabla wino haujakauka, aniambie kama nimekosea.